Acheni Kupaka Weusi Juu ya Kutu!

Naomba niseme jambo litakalowaudhi mafundi kadhaa ninaowaheshimu, madalali kadhaa nisiowaheshimu, na washikaji zangu wawili watatu wenye pikipiki kubwa za kutembelea Jumapili. Ile ekzosi nyeusi ti mnayoiona kwenye pikipiki zinazosubiri mnunuzi kando ya barabara, inayong'aa kama kiatu cha askari siku ya gwaride, mara nyingi ni uongo. Uongo wa kupulizwa kwa kopo. Na kama uongo mwingi wa mji huu, anayeusema analipa kidogo, anayeuamini analipa kikubwa.

Nawajua, wadau. Yupo atakayesema: "Wewe msomi mzima, mwandishi wa gazeti, nchi ina mambo chungu nzima, unatuletea habari za ekzosi?" Ndiyo, naleta. Mheshimiwa akikohoa bungeni tunampa ukurasa wa kwanza. Lakini chuma cha moto ambacho maelfu ya watu wa Dar wanakaa nacho vidole viwili kutoka kwenye shavu la mguu kila asubuhi, hicho tunamwachia fundi, dalali na Mungu. Tangu mwaka 2010, serikali ilipotoa kanuni za kuzipa pikipiki na bajaji leseni ya kubeba abiria, bodaboda si jambo la kificho tena. Ni usafiri wa umma. Daladala ikiwa na sakafu iliyooza tunapiga kelele. Bodaboda ikiwa na ekzosi iliyooza tunaipaka rangi.

Kama hujawahi kuiona kazi yenyewe, pita kijiwe chochote cha mafundi pikipiki, iwe Gerezani, Buguruni au Mbagala. Pikipiki inaletwa, ekzosi imeshika kutu rangi ya tofali. Fundi, au mara nyingi zaidi yule dogo anayejifunza kazi, anachukua brashi ya waya, anakwangua mara nne tano, anafuta kwa kitambaa kilicholowa petroli, anatikisa kopo, tss, tss, tss. Kabla hujamaliza soda yako kazi imeisha. Haijafunguliwa hata nati moja. Upande wa ndani unaotazama tairi haukuguswa, maana nani atachungulia huko? Bei ni kama sahani ya chips mayai. Mwenye pikipiki anarudi nyuma hatua mbili, anainamisha kichwa, anatabasamu. "Kama mpya!"

Kama mpya, kweli. Hadi Jumanne.

Turudi shule kidogo, mniwie radhi nyie mliokimbia fizikia. Gesi inayotoka kwenye silinda ina joto la nyuzi mia kadhaa. Shingo ya ekzosi, pale inapotokea kwenye injini, inaweza kupita nyuzi 300 pikipiki ikipanda mlima na abiria wawili na gunia la mkaa (msijifanye hamjawahi kuona). Tumbo la ekzosi kule nyuma ni la baridi zaidi, lakini baridi ya ekzosi si baridi ya Lushoto. Sasa ile rangi ya kopo ya kawaida ilitengenezwa kwa ajili ya mageti, makabati na bodi za magari. Gundi yake, yaani kile kinachoishikiza rangi kwenye chuma, huanza kuvunjika hata kabla ya kufika nyuzi 200. Na weusi wake kwa kawaida ni masizi tu, ambayo nayo ni ndugu wa mkaa. Umepaka mkaa juu ya jiko, halafu unashangaa unaungua.

Kinachofuata kila mwendesha bodaboda anakijua kwa pua. Kwanza harufu. Halafu moshi mwembamba ambao abiria anauliza "kaka, hii pikipiki inaungua?" na kaka anajibu "hapana sista, ni mpya." Halafu weusi unageuka kahawia, unapauka, unaanza kubanduka kama ngozi ya nyoka anayejivua. Chini yake kutu iko palepale, haijaenda popote. Kama rangi ilipigwa juu ya kutu yenye unyevu na chumvi, na mji wetu huu upepo wake wote ni wa chumvi, kutu ilikuwa inaendelea na kazi yake kimyakimya chini ya blanketi.

Nisieleweke vibaya. Sina ugomvi na rangi nyeusi. Ipo rangi nyeusi ya kweli ya ekzosi, na nitaieleza hapa kwa kirefu kwa sababu nimechoka kusikia kwamba "hizo rangi hazishiki, ni biashara ya Wachina tu." Zinashika. Wasioshika ni sisi, hatushiki maelekezo yaliyoandikwa kwenye kopo.

Rangi ya kweli ya joto gundi yake ni ya silikoni. Ukiipasha, sehemu zake zinazoweza kuungua zinaungua na kuondoka, na kinachobaki ni mtandao wa silikoni na oksijeni, ndugu wa kioo na mchanga, umeng'ang'ania chuma. Weusi wake si masizi. Ni oksaidi za metali kama chuma, manganizi, shaba na kromu, zilizochomwa pamoja kwenye tanuri kiwandani, kwa hiyo moto wa pikipiki hauzitishi. Rangi za namna hii huandikwa kwenye kopo kuwa zinahimili nyuzi 600 au 650 hivi. Zipo pia zile za kauri, ambazo baadhi ya watengenezaji wanadai zinafika hadi 980 hivi, lakini hizo zinataka chuma kilichopulizwa mchanga, bunduki ya rangi na mtu aliyetulia, siyo dogo mwenye kopo.

Jambo ambalo karibu kila mtu analikosea ni hili: rangi hii haikauki, inaiva. Ukiigusa saa moja baada ya kupuliza utaiona kavu. Danganya toto. Dondoshea tone la petroli uone inavyoondoka na kitambaa. Mpaka ipitie moto kwa hatua, bado ni mbichi. Makopo mengi yanaeleza namna ya kuiva kwa oveni, kwa kupandisha joto ngazi kwa ngazi na kuacha ipoe katikati, mpaka lipite nyuzi 200 na kwa baadhi mpaka kwenye 300. Asiye na oveni anatumia injini yenyewe. Unawasha, unaiacha isailensi bila kukanyaga mafuta kwa dakika kumi, unazima, inapoa kabisa. Unawasha tena kwa dakika ishirini, unazima, inapoa kabisa. Ya tatu ndiyo unaingia barabarani kwa nusu saa hivi. Nje, tafadhali, siyo sebuleni wala kwenye korido ya nyumba ya kupanga, maana ule moshi wa mwanzo si wa kuvutwa na mtoto wa jirani.

Sasa muulize bodaboda aliyeamka saa kumi alfajiri kutafuta hesabu ya bosi kama ana nafasi ya kuwasha, kuzima na kungoja ipoe mara tatu. Hana. Anapuliza na kuondoka. Hata kama kopo lilikuwa la kweli, rangi mbichi inakutana na mlima na abiria ndani ya robo saa, inatoka malengelenge, na sifa mbaya inaliangukia kopo.

Na kuna kitu kingine ambacho hata mafundi wazuri hawakisemi. Tumbo la ekzosi, hasa ncha yake ya nyuma, halipati joto la kutosha kuivisha rangi hiyo sawasawa kwa injini peke yake. Shingo inaiva, tumbo linabaki nusu mbichi. Ndiyo maana unakuta ekzosi iliyopakwa rangi nzuri kabisa imeshika vizuri mbele, halafu nyuma inafutika kila ikimwagikiwa oili au petroli. Dawa ni oveni, au kutafuta rangi ambayo kopo lake linasema inaiva kwa joto dogo. Lakini hayo ni mazungumzo ya mtu anayetaka kazi idumu. Wengi hatutaki idumu. Tunataka ing'ae mpaka pikipiki iuzwe.

Hapo ndipo ninapokasirika, kwa hiyo naomba mnivumilie.

Tuanze na pati. Ndiyo, pati, ile ile ya kusawazisha milango ya magari iliyobondeka. Ekzosi ikitoboka, dawa yake ni kukata sehemu iliyooza na kuchomelea kipande kipya cha chuma, au kununua ekzosi nyingine. Wajanja wanachukua pati au gundi ya chuma, wanaziba tundu, wanapiga msasa, wanapuliza weusi. Kwa macho huoni kitu. Pati hii haikuumbwa kukaa juu ya bomba linalofoka moto. Inakaa siku kadhaa, inapasuka, inadondoka njiani, na tundu linarudi likiwa kubwa kuliko mwanzo kwa sababu wakati wa kuliziba walilikwangua.

Kijana mmoja anayeendesha maeneo ya Tabata alinunua pikipiki iliyotumika kwa fedha za kukopa kwenye kikoba. Dalali alimwambia aitazame ekzosi kama ushahidi kwamba mashine haijachoka. Akaitazama, nyeusi, safi, akalipa. Wiki ya tatu mlio ukageuka kama wa trekta. Akainama, akakuta pale shingo inapoungana na tumbo, upande wa chini, kuna tundu la ukubwa wa sarafu ya shilingi mia, na pembeni yake mabaki ya pati yaliyokaushwa kama biskuti. Alipompigia dalali simu ilikuwa inapatikana, ila haipokelewi. Akanunua ekzosi nyingine, na siku alizokuwa anahangaika hakubeba abiria, na marejesho ya kikoba hayajui ekzosi. Akina mama wa kikoba walimjia nyumbani kwao. Mbele ya mama yake mzazi. Hicho ndicho alichokitaja kwanza alipokuwa ananisimulia, siyo fedha.

Kutu ni taarifa, jamani. Mimi kazi yangu ni taarifa, labda ndiyo maana inaniuma hivi. Ukiona kutu nyepesi ya juu, inayotoka kwa msasa na chini yake chuma kinang'aa, hiyo ni uzee wa kawaida. Ukiona kutu inayobanduka kwa magamba kama keki ya jana, chuma kimeshaliwa. Ukiona shingo imegeuka bluu na zambarau, inawezekana injini inachoma mchanganyiko wenye hewa nyingi na petroli kidogo, mtu mwenye akili ataikagua kabureta kabla hajalipa. Rangi nyeusi inafuta habari zote hizo kwa mkupuo mmoja. Ni sawa na mtu achane kurasa za cheti cha kliniki kabla hajampeleka mtoto kwa daktari, kisha aseme mtoto mzima.

Na kutu ya ekzosi hatari zaidi haiko nje unakopuliza. Iko ndani. Petroli ikiungua inatoa maji, na si kidogo: lita moja ya petroli inatoa takriban lita moja ya maji. Yanatoka kama mvuke ekzosi ikiwa ya moto sana. Lakini kwa safari fupifupi za kutoka kituoni hadi mtaa wa tatu, zima, washa, zima, tumbo la ekzosi halipati moto wa kuyakausha. Maji yanatulia mle ndani, yamechanganyika na uchafu wenye asidi ya mwako, yanakula chuma kutoka ndani kuja nje. Ndiyo maana ekzosi nyingi zina kitundu kidogo upande wa chini kwa ajili ya maji kutoka. Sasa kisa cha kuchekesha kama si cha kusikitisha: mpaka rangi akikiona kile kitundu anadhani ni ugonjwa. Anakiziba kwa pati na kupaka weusi. Kwa hiyo ameacha kuitibu ekzosi, na juu ya hapo ameizamisha.

Usidanganyike basi. Ukienda kununua pikipiki yenye ekzosi nyeusi mpya, chukua bisibisi, igeuze, gonga kwa mpini tumbo lote, hasa chini na kwenye maungio. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinatoa mlio wa kufa, kama kugonga boksi la maandazi. Pitisha mkono upande wa ndani unaotazama tairi (ikiwa imepoa!). Muuzaji akikuzuia kugonga, rudi nyumbani na fedha zako.

Najua hoja ya upande wa pili, nimeisikia kijiweni mara nyingi na kwa sauti ya juu. "Kila mtu anatafuta riziki. Mteja mwenyewe ndiye anataka ya bei nafuu. Fundi afanyeje?" Hoja hii ina ukweli nusu, na mimi sitaki kumbebesha fundi dunia nzima. Kweli mteja hataki kulipia kufungua ekzosi, kuikwangua yote, kuiosha mafuta, kupuliza mikono mitatu myembamba na kuivisha. Kweli fundi akitaja bei ya kazi hiyo mteja anahamia kijiwe cha pili. Lakini riziki ya nani inatafutwa hapa? Ya dogo anayepuliza ni ndogo. Anayevuna ni yule anayeuza pikipiki mbovu kwa bei ya nzima, kwa gharama ya kopo moja. Na anayevunwa ni kijana ambaye naye anatafuta riziki hiyo hiyo. Tukisema "riziki" tuwe tunataja na jina la anayeliwa.

Tena kazi ya kweli wala si ya ajabu. Kinachoumiza ni muda. Fungua ekzosi, itoe. Kwangua kutu na rangi yote ya zamani mpaka uone chuma, kwa brashi ya waya na msasa mkali, ukiwa umefunga pua kwa barakoa inayoeleweka. Usimalizie kwa msasa laini mno, rangi inataka chuma chenye mikwaruzo ya kushikilia, na kwa sababu hiyo hiyo haitashika juu ya kromu inayong'aa ambayo hujaikwaruza. Palipotoboka chomelea. Osha mafuta yote kwa thina au asetoni, na ukishaosha usiguse kwa vidole, maana jasho na mafuta ya mkono yanatosha kuiharibu. Usiweke rangi ya awali ya kawaida chini yake kwa kudhani unaiongezea nguvu, itaungua na kubeba ya juu. Puliza mikono myembamba, siyo mmoja mnene unaochuruzika. Halafu ivishe kama nilivyosema. Basi. Hakuna siri ya Mason hapo.

Kuhusu makopo. Kuna makopo madukani yamechorwa moto mwekundu na namba kubwa, na ndani yake ni rangi ya geti. Wapo wenye kazi ya kushughulikia bidhaa bandia na viwango, Tume ya Ushindani na Shirika la Viwango, na hii ni bidhaa ya kujaribiwa mchana mmoja. Wewe pia unaweza kuijaribu nyumbani bila maabara. Kata kipande cha bati la zamani, lisugue, puliza, liache siku nzima, kisha liweke juu ya jiko la mkaa, siyo ndani ya makaa, nje ya nyumba. Rangi ya kweli itatoa moshi mara ya kwanza, itatulia, itabaki nyeusi, na ukiikwaruza kwa ukucha ikishapoa haitoki. Rangi ya geti itachemka, itashika moto au itabanduka. Fanya hivyo mbele ya muuza duka ukiweza. Utajifunza mengi kwa kumtazama usoni.

Nimeacha la mguu kwa makusudi, kwa kuwa hilo ndilo lililonifanya nianze kuandika.

Pikipiki nyingi za biashara zinatoka kiwandani na bati la kukinga mguu juu ya ekzosi, lile kava lililofungwa kwa skrubu na kuacha nafasi ya hewa katikati. Kazi yake ni moja tu: usiguse bomba. Sasa mpuliza rangi akitaka kazi yake ionekane, analifungua. Skrubu zimeshika kutu, zinakatika. Kava linatupwa kwenye ndoo ya vyuma chakavu. Au mwenye pikipiki mwenyewe anasema liacheni, bila kava ekzosi inaonekana ya kisasa. Pikipiki inarudi kituoni na bomba tupu, jeusi la kufifia, linalofanana kabisa na chuma baridi. Kromu angalau inang'aa, jicho linaishtukia. Nyeusi haikuambii kitu.

Na hapa kuna imani moja ya kijiweni inabidi ife. Eti rangi ya joto "inazuia joto", kwa hiyo haichomi. Neno lenyewe linapotosha. Rangi inahimili joto, yaani yenyewe haiharibiki. Haikuhimilii wewe. Tabaka jembamba kama karatasi haliwezi kukutenga na bomba. Isitoshe, kwa joto lile lile, uso mweusi uliofifia unamwaga mionzi ya joto mingi zaidi kuliko kromu inayong'aa, kwa hiyo hata ukiukaribia tu bila kugusa unausikia. Ngozi ya binadamu ikigusa chuma cha nyuzi 70, sekunde moja hivi inatosha kuiunguza vibaya. Ekzosi ya bodaboda iliyotoka safari moja ya Ubungo imepita hapo zamani.

Wanaoungua ni akina nani? Tazama miguu kwenye daladala au kanisani, upande wa kulia kwa ndani, shavu la mguu. Lile kovu la duara refu, la kahawia au jeusi. Dada aliyevaa sketi ya ofisini anashuka upande wa ekzosi kwa sababu upande wa pili kuna mtaro. Mtoto wa shule aliyebanwa katikati ya mama na dereva, miguu inaning'inia. Watafiti wa Ugiriki waliandika mwaka 2005 kwenye jarida la kitabibu kuhusu majeraha haya haya ya ekzosi za pikipiki, wakataja kinga zilezile: kava la ekzosi na suruali ndefu. Sisi tumeita "alama ya bodaboda" tukacheka. Ukiungua, maji ya bomba yanayotiririka kwa dakika ishirini, siyo dawa ya meno, siyo yai. Nalisema kwa sababu bado naona watu wanapakwa dawa ya meno.

Nilipopendekeza habari hii chumba cha habari, niliulizwa kama kuna mtu amekufa. Hakuna aliyekufa. Basi haikuandikwa. Nimesimamishwa barabarani nikiwa abiria mara nyingi, askari wakauliza leseni, bima na kofia ngumu, mambo ya maana yote hayo. Sijamwona hata mmoja akiinama kutazama kama kava lipo. Skrubu mbili tu. Kama kofia imo kwenye orodha, kwa nini kava lisiwemo?

Na nyie washikaji zangu wa pikipiki kubwa, msidhani mmepona. Mnaagiza rangi halisi kutoka nje, kopo la bei ya godoro, kisha mnaipuliza juu ya kromu laini kwa sababu video ilikuwa ndefu mkairuka sehemu ya msasa. Wengine mmeifunga shingo bandeji za kuzuia joto kama mguu uliovunjika, mkaoshea pikipiki na bandeji yake, unyevu na chumvi vikabaki mle ndani kwenye chuma cha kawaida. Fungueni muone. Tofauti yenu na dalali wa kando ya barabara ni kwamba nyie mnajidanganya wenyewe, na hiyo ni haki yenu. Ila mkija kuiuza, msiniambie "ekzosi imefanyiwa ukarabati".

Nataka mambo matatu, na hakuna hata moja linalohitaji semina Dodoma. Anayeuza pikipiki iliyotumika aiache ekzosi kama ilivyo, kutu na yote, mnunuzi aone anachonunua. Fundi anayepaka amwoneshe mteja kopo na amwambie kwa mdomo wake itaivaje. Na ekzosi yoyote ikifunguliwa kava, lirudi. Skrubu zikikatika, nunua nyingine, hazifiki bei ya chapati mbili.

Najua wapo mafundi Dar wanaofanya kazi hii inavyotakiwa, wanaofungua, wanaochomelea kwanza, wanaoacha kitundu cha maji wazi. Kama unamjua mmoja, niandikie mtaa na kijiwe chake, nitakwenda mwenyewe na bati langu na jiko la mkaa, na akiridhia nitamweka hapa. Sharti langu ni moja: aje na kopo.